Mfanyakazi wa Reli Atakaye Kuwa Mwalimu wa Sekondari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu la Eldoret)



Tumeombwa kusema juu ya masomo, na hasa juu ya mfanyakazi wa reli atakaye kuwa mwalimu wa shule ya sekondari. Hatukuja mbele yenu kama watu wa elimu kubwa. Sisi tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukajua kusoma, kuandika, hesabu na katekisimu, kisha karo ya sekondari ikakosekana nyumbani, tukaenda kushika sululu na kubeba mataruma. Lakini jambo hili tumelijaribu wenyewe, watu wanne, tangu mwaka 2014. Mnatujua, wengine mmefanya kazi nasi zamu moja, kwa hiyo hakuna haja ya majina. Wawili ni wa gangi ya njia, mmoja ni wa kugeuza pointi hapa stesheni, na wa nne ni mama yetu anayesafisha ofisi.

Watu hutuuliza kwanza, kwa nini mwalimu? Kwa nini si udereva, au duka? Jibu letu ni fupi. Katika shule yetu ya misheni mtu pekee aliyekuja amevaa viatu safi kila siku na bado akatujua kwa majina alikuwa mwalimu. Tena mji huu ni mji wa walimu, ingawa sisi wa reli tunaupita tukitazama njia tu. Reli ilifika hapa mwaka 1924, wakati wazee bado wakiuita mji Sisibo, kwa shamba namba 64. Pale Chepkoilel walowezi walianzisha mwaka 1946 mahali pa kufundishia wakulima wa mashamba makubwa. Mwaka 1984 pakageuzwa kuwa chuo cha kufundisha walimu wa sayansi wa sekondari kwa diploma, mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Moi kikapachukua, na mwaka 2013 pakapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Na Chuo Kikuu cha Moi chenyewe kilianza mwaka 1984, huko Kesses. Haya yote yako karibu nasi, ila kwa mtu wa gangi yalikuwa mbali kama Mombasa.

Yafaa tukumbuke pia kwamba mwaka 1963, nchi ilipopata uhuru, shule za sekondari zilikuwa 151 tu katika Kenya nzima, na wengi waliofundisha humo walikuwa wageni. Serikali ililazimika kutafuta walimu wake upesi. Kambi ya askari wa Kiingereza pale Kahawa ikatolewa mwaka 1965 ikawa Chuo cha Kenyatta. Baba zetu wa reli wakati huo walikuwa na masomo ya darasa la saba au chini yake, wala hakuna aliyewauliza kama wangependa kufundisha.

Sasa tuseme njia yenyewe, maana wengi hawaijui na hudanganywa na watu wa mitaani wanaouza vyeti. Ili uwe mwalimu wa sekondari kwa digrii, TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, yataka uwe na C+ katika KCSE, tena uwe na C+ katika kila moja ya masomo mawili utakayofundisha. Hapo ndipo watu huanguka. Mtu ana C+ ya jumla, lakini katika somo alipendalo ana C, basi mlango umefungwa. Asiyepita sekondari aweza kufanya KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, lakini ni masomo saba, na ndani yake Kiingereza, Kiswahili na hesabu havikwepeki, na sayansi ni mbili.

Tulianza kusoma katika kibanda cha gangi, jioni, siku tatu kwa juma. Kila mtu alitoa shilingi 500 kwa mwezi, na mwisho wa mwaka tulikuwa na shilingi 24,000 za vitabu na ada ya mtihani. Hesabu tulifundishana wenyewe, na mtu wa reli hesabu haimtishi sana, maana mteremko na kona ya njia ni hesabu. Kemia ilitutesa. Tulisoma habari za bureti mwaka mzima bila kuiona, mpaka mwalimu wa shule moja ya jirani akakubali kutufungulia maabara Jumamosi chache. Siku ya kwanza mmoja wetu aliishika bureti kama vile unavyoshika taa ya ishara, kwa mikono miwili, na vijana wa shule wakacheka sana. Tulicheka nao.

Lakini taabu iliyotushangaza ni Kiswahili. Sisi tulijiona wajuzi. Tumesema Kiswahili tangu utotoni, kazini twasema Kiswahili, hata matusi yetu ni ya Kiswahili. Tulichagua Kiswahili na historia kuwa masomo yetu ya kufundisha kwa sababu tulidhani moja tumekwisha kulipata bure. Basi tulimwomba mzee mmoja aliyekuwa gadi tangu siku za East African Railways atusahihishie insha. Mzee huyu alikaa Mombasa na Tabora kabla ya kuletwa huku juu. Akasoma insha zetu nne, akavua miwani, akasema, "Wanangu, hapa mmeandika 'gari yetu imefika'. Gari hili ni lenu au ni la mtu mwingine? Na hii 'kitabu yangu' mmeitoa wapi? Ninyi mwataka kuwafundisha watoto wa watu na ngeli hazijui mlango wenu?"

Tuliona haya. Kwa muda wa miezi sita mzee yule hakuturuhusu kusema naye ila kwa Kiswahili cha ngeli. Ukisema "ile mataruma" hakujibu, alitazama nje ya dirisha mpaka useme "yale mataruma". Kazini wenzetu walitucheka, wakatuita maprofesa, lakini baada ya muda tukasikia mnyapara mwenyewe akisema "magurudumu yamechoka" badala ya "imechoka", tukajua ugonjwa umeambukiza. Twamtaja mzee huyu kwa sababu ni mstaafu ambaye hakuna ofisi iliyomwomba afanye lolote, na kazi aliyoifanya haikulipwa hata senti. Wako wengine kama yeye katika nyumba za Langas na Huruma, na chama hakiwaulizi wanajua nini.

Tulifanya KCSE mwaka 2016. Wenye watoto shuleni mwaka ule mtakumbuka: usimamizi ulikazwa, wizi wa mitihani ukazibwa, na matokeo yakatoka kabla ya mwaka kwisha. Watahiniwa walikuwa zaidi ya 570,000 na waliopata C+ na zaidi hawakufika 90,000. Kati yetu wanne mmoja alipata C+. Mama alipata C. Wa tatu C-, na wa nne D+. Hatutawaambia nani alipata D+, ila alitaka kuvitupa vitabu vyake chini ya treni ya mizigo na tulimzuia kwa sababu vitabu vilikuwa vya wote.

Wawili wa mwisho waliacha. Hatuwalaumu. Mmoja ana ndugu watano wa kusomesha na mmoja alisema, "Mimi nimejua sasa kwamba naweza kusoma gazeti la Kiingereza, yatosha." Mama alirudia mtihani mwaka 2018 akapata C+, na katika Kiswahili B.

Chuo kikuu kina njia iliyowekwa kwa watu wa kazi, ya kusoma wakati wa likizo za shule, Aprili, Agosti na Desemba. Iliwekwa hasa kwa walimu wa shule za msingi waliotaka digrii, kwa hiyo inafuata likizo zao. Mwalimu wa msingi shule ikifungwa yuko huru. Mtu wa reli shule ikifungwa treni bado yaja. Mwenzetu wa pointi aliingia mwaka 2017, na kwa kila kikao alitumia siku zake za likizo, zikiisha akabadilishana zamu, akafanya usiku ili mchana awe darasani. Halafu Machi 2020 korona ikafunga shule zote, na shule ziliporudi kalenda ikabanwa, likizo zikawa za siku chache, vikao vikasogezwa, na yeye akapoteza karibu mwaka.

Sasa tumefika penye mfupa wa maneno yetu, ndugu wanachama, na hapa twaomba msikilize vizuri. Kila anayesomea ualimu lazima afanye mazoezi ya kufundisha. Yaani anapelekwa shule ya sekondari, anapewa madarasa, anaandika maandalio ya kila somo, na wakaguzi wa chuo wanakuja kumtazama bila kumwambia siku. Ni muhula mzima. Hakuna kufanya Jumamosi, hakuna kufanya nusu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za likizo kwa mwaka, yaani kama majuma manne. Muhula ni zaidi ya mara mbili ya hayo. Hesabu hii haikubali, uipige namna gani. Na sheria hiyo haikuweka likizo ya masomo.

Wengi hufikiri mfanyakazi hushindwa kwa ada au kwa akili. Ada ni nzito kweli, lakini ada yaweza kulipwa kidogo kidogo, na akili tumeona. Kinachomshinda ni muhula huu mmoja. Tumeongea na wafanyakazi wa viwanda vya hapa mjini waliosoma kama sisi, na habari ni ile ile: mtu amemaliza masomo yote ya darasani, amebakiza mazoezi ya kufundisha, na amekaa hapo miaka mitatu, minne, mpaka chuo kinamwandikia barua.

Mwenzetu wa pointi alipelekwa shule ya kutwa moja hapa mjini, muhula wa pili wa mwaka 2022, Julai mpaka Septemba. Alitumia likizo yake yote. Ilipokwisha alifanya hivi: kazini saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi, saa 2 yuko mbele ya kidato cha pili na chaki mkononi, saa 10 jioni anarudi nyumbani, anaandika maandalio ya kesho, analala saa tatu, anarudi kazini. Alifanya hivyo majuma mawili. Sisi tulimsifu. Tulisema, tazama mwanamume.

Usiku mmoja, saa 9, gari la mizigo lilikuwa linatoka upande wa Malaba, na yeye alikuwa amezigeuza pointi kuelekea njia ya pembeni mahali mabehewa yaliposimama. Hakulala, alikuwa amesimama wima na taa mkononi, macho wazi. Alituambia baadaye kwamba kichwani alikuwa anafundisha viambishi. Mwenzake wa zamu aliona jinsi pointi zilivyolala, akapiga kelele, akakimbia akazirudisha. Gari likapita njia yake. Dereva hakujua lolote. Mwenzetu aliketi juu ya reli, akatapika.

Tunalisema jambo hili kwa ruhusa yake, na asubuhi ile ile alilisema mwenyewe kwa mkubwa wa zamu, wala hakuficha. Tunalisema kwa sababu kosa lilikuwa letu sote tuliomsifu. Tulidhani ushujaa ni mtu kuiba usingizi wake mwenyewe. Lakini usingizi wa mtu wa pointi si wake peke yake, ni wa dereva na wa kila mtu aliye ndani ya gari lile. Tangu siku ile tumesema kwamba hakuna mtu wa tawi hili atakayesoma mchana na kushika pointi, breki au ishara usiku. Afadhali digrii ichelewe.

Jioni yake tuliketi watu wanane. Kila mmoja akatoa zamu zake kwa zamu, kwa kufuata orodha, na mkubwa wa zamu akakubali na kuiweka sahihi yake. Mwenzetu alimaliza mazoezi yake salama, na zamu zetu alizirudisha zote, Krismasi ya mwaka 2022 na mwaka mpya yeye ndiye alikuwa kazini. Hesabu yetu na yeye imelipwa. Lakini mambo hayo yalitegemea moyo mwema wa watu wanane na mkubwa mmoja wa zamu. Mkubwa huyo amekwisha hamishwa.

Tusiwafiche jambo lingine. Mwenzetu alihitimu, amesajiliwa na TSC, ana namba yake, na mpaka leo yuko hapa hapa kwenye pointi. Anangoja kazi. Walimu waliosajiliwa na wasio na kazi ya serikali ni wengi mno nchini. TSC ilianza mwishoni mwa mwaka 2019 kuchukua walimu wanagenzi, wa sekondari kwa posho ya shilingi 15,000 kwa mwezi, baadaye 20,000, nao walikuwa watu wenye vyeti kamili. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ilisema haikuwa haki kuwachukua walimu waliohitimu na kusajiliwa kwa namna hiyo, na baada ya migomo na kelele nyingi, Januari 2025 wanagenzi wa sekondari msingi wakapewa kazi ya kudumu. Sisi wa reli twayajua mambo ya mtu kufanya kazi kamili kwa jina la kibarua, babu zetu waligoma mwaka 1959 katika reli hii hii, kwa hiyo mwalimu mwanagenzi ni ndugu yetu. Tena matangazo ya TSC yamekuwa yakitaka mtu asizidi miaka 45. Mwenzetu ana 38. Anajua kuhesabu.

Mtu atauliza, basi faida gani? Hatuna jibu la kumfurahisha kila mtu. Anafundisha kidato cha nne jioni, watoto wetu sita wa nyumba za reli, katika kibanda kile kile cha gangi, na mwaka jana mmoja wao alipata B katika historia. Yeye mwenyewe asema hajuti. Sisi twasema kwamba mtu asianze akidhani cheti ni tikiti, kwamba ukiwa nayo gari litakuja. Waweza kukaa stesheni muda mrefu.

Pia wenye nia ya KCSE ya kibinafsi wafanye haraka. Januari 2026 watoto wa mtaala mpya wameingia Gredi ya 10, na kikundi cha mwisho cha 8-4-4 kimepangiwa mtihani wa mwaka 2027. Atakayengoja atakuta njia imeng'olewa.

Tom Mboya, kabla hajawa mtu mkubwa wa vyama vya wafanyakazi, alikuwa mkaguzi wa afya wa mji wa Nairobi akisoma masomo ya posta usiku, na mwaka 1955 alipokwenda Ruskin College kule Oxford, chuo cha wafanyakazi, alikwenda mwaka mzima, akapewa wakati. Hakulishika Shirikisho la Wafanyakazi kwa mkono mmoja na kitabu kwa mkono wa pili. Twamtaja kwa sababu hiyo tu.

Sasa tumebakiza mama yetu. Aliingia chuo mwaka 2021, baada ya korona. Amemaliza masomo yote ya darasani, Kiswahili na dini. Amepewa barua ya kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha muhula ujao. Ana watoto watatu, mume alifariki, na siku za likizo zilizobaki mwaka huu ni tisa. Kazi yake haina pointi wala ishara, lakini ofisi hazijisafishi, na wenzake wa kazi hiyo ni wawili tu, hawawezi kumfanyia muhula mzima. Akiikosa nafasi hii chuo kitampanga tena mwaka ujao, na atakuwa na miaka 43 akihitimu, kama mambo yakienda vizuri.

Kwa hiyo twaweka mbele ya tawi mambo mawili. La kwanza ni kwamba katika mapatano yatakayojadiliwa na mwajiri, chama kiombe likizo ya muhula mmoja kwa mfanyakazi aliye katika masomo yanayotambuliwa, hata kama ni bila mshahara, lakini kazi yake ikingoje na miaka yake ya utumishi isikatwe. Hilo litachukua muda, twajua.

La pili haliwezi kungoja mapatano. Twaomba maofisa wa tawi waende wiki hii kwa mkubwa wa ofisi wamwombee mama likizo bila mshahara, na twaomba wanachama wachange ili mshahara wake usikatike kabisa kwa miezi mitatu. Wale wanane wa mwaka 2022 wamekwisha andika majina yao, kila mtu shilingi 1,000 kwa mwezi. Karatasi iko kwa karani wa tawi, iko wazi mpaka mwisho wa mwezi, na chini ya majina hayo manane kuna nafasi.